Mvua Kubwa na Uvuvi Wetu: Wapi na Lini Wazee wa Fizi na Baraka Walitega

1. Utangulizi

Ndugu msomaji, katika kijitabu hiki tunakusanya desturi za kwetu, na watu wengi wakisikia neno desturi wanafikiri ngoma, mahari na matanga. Ni kweli, hayo yote ni desturi. Lakini kuna nyingine ambayo haina ngoma wala nguo zake: ni ile akili ya kujua, mvua kubwa ikisha kunyesha, samaki wako wapi na ni siku gani ya kwenda kuwatafuta. Siye watu wa mwambao tumelishwa na akili hiyo. Imejenga nyumba, imelipa ada za shule, imeoa wake.

Katika makala haya tutaona mambo matatu. Kwanza, namna mvua, mito na samaki wa ziwa Tanganyika wanavyofuatana. Pili, mahali na wakati ambapo wazee wetu walitega, na mahali na wakati walipokataa kutega. Tatu, namna vita na ukimbizi vilivyokata kamba ya mafundisho hayo, na juu ya nini ni lazima kuifunga tena. Tunaandika haya kwa kuwa sheria za serikali na za mataifa zinalinda ziwa wakati wa kiangazi, lakini mto wakati wa mvua, kwa sehemu kubwa, unalindwa na desturi peke yake. Na desturi isipofundishwa, hufa.

2. Ziwa letu, milima yetu, mito yetu

Tanganyika ni ziwa refu kuliko maziwa yote ya maji matamu duniani: kama kilomita 670 kutoka kaskazini hadi kusini. Kina chake kinafika mita 1,470, na ni Baikal tu, kule Urusi, linaloishinda kwa kina. Nchi nne zinagawana maji yake: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Baraka iko upande wa magharibi, ndani ya ghuba inayofichwa na rasi ya Ubwari. Richard Burton alipopita mwaka 1858 akitokea Ujiji, alidhani Ubwari ni kisiwa. Mwaka 1876 Stanley alizunguka ziwa lote akaona kwamba Ubwari imeshikana na bara. Ghuba yetu ikapewa jina la Burton, na kwenye ramani bado inaitwa hivyo. Wazee wa Ubwari hawakuhitaji ramani ya mtu: walijua wapi mtumbwi unapita na wapi unagonga nchi kavu.

Nyuma ya Baraka milima inapanda upesi. Fizi yenyewe iko juu, na nyuma zaidi kuna milima ya Itombwe inayopita mita 3,000, wakati uso wa ziwa uko kama mita 770 na kitu juu ya bahari. Maana yake maji ya mvua hayana safari ndefu ya kupumzika. Yakianguka mlimani usiku, asubuhi yako ziwani, na yamebeba udongo, majani, magogo, mara nyingine na mbuzi wa watu. Mto Mutambala ndio unaojulikana zaidi karibu na Baraka, lakini kuna mito mingi midogo ambayo katika kiangazi mtoto anaivuka bila kulowesha magoti, na ikifika Aprili inameza mtu mzima.

Hapo ndipo lilipo somo la kwanza la mvuvi wa kwetu: usitazame wingu lililo juu ya kichwa chako, tazama wingu lililo juu ya mlima. Baraka inaweza kuwa na jua kabisa na huku mto unakuja. Mtu asiyejua mlima hajui ziwa.

Mvua zetu zinaanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei. Ndani yake kuna vipindi viwili vya nguvu: kimoja kinaelekea Novemba na Desemba, kingine ni Machi na Aprili. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi. Wakati huo upepo wa kusini unavuma kwa nguvu juu ya ziwa, unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye rutuba yanapanda, hasa kule kusini. Rutuba hiyo inalisha vijidudu vya maji, vijidudu vinalisha ndakala, na ndakala wanalisha mikebuka na sangala. Tuelewane basi: ziwa katikati linaendeshwa zaidi na upepo, lakini mto na mdomo wake vinaendeshwa na mvua. Ni jikoni mbili, na mvuvi wa zamani alikula kwenye zote mbili.

3. Samaki wanaoitwa na mvua

Samaki wote hawapendi mvua. Ndakala, ambao ndugu zetu wa Kigoma wanaita dagaa, ni samaki wa maji meupe. Wanavuliwa usiku kwa taa, katika giza la mwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanakaa nyumbani, wanashona nyavu, kwani taa haina nguvu mbele ya mwezi. Matope nayo yanafanya kazi ileile ya mwezi: yanaua taa. Maji ya mdomo wa mto yakiwa mekundu, mwanga hauendi chini hata urefu wa mkono, na ndakala hawapandi. Mvuvi wa taa, baada ya mvua kubwa, anahama kwenda mbali na mito au anangoja.

Lakini wako samaki wengine ambao mvua ndiyo kengele yao. Wa kwanza ni kambale. Huyu ni samaki wa ajabu: hana magamba, ana ndevu ndefu, na zaidi ya mashavu yake ana kiungo kingine cha kuvutia hewa, ndiyo sababu anaweza kutambaa usiku juu ya majani mabichi kutoka dimbwi hadi dimbwi. Mto ukipanda na kumwagika kwenye nyasi za kando, kambale wanatoka kwenye maji makubwa, wanaingia humo usiku, na jike anamwaga mayai juu ya majani yaliyozama. Mayai yananata kwenye majani na kuanguliwa katika siku moja au mbili. Baba hachungi, mama hachungi. Watoto wanakua katika yale maji ya kina kifupi yenye joto na chakula kingi, na maji yakianza kurudi, wanarudi nayo.

Wa pili ni samaki wa jamii ya barbo, wale wenye vindevu vidogo kwenye midomo. Mmoja wao, ambaye wataalamu wanamwita Labeobarbus tropidolepis, hapatikani popote duniani ila katika ziwa Tanganyika na mito yake. Anaishi ziwani, lakini akitaka kuzaa anapanda mto. Huyu njo samaki ambaye wazee walimngoja kwenye mawe, kwenye maporomoko madogo, mahali maji yanapokimbia.

Kuna na kundi la tatu, wale ambao hawapandi mto bali wanakuja kula mlangoni pake. Mto unapoleta minyoo, wadudu na majani, samaki wadogo wanakuja, na wakubwa wanawafuata. Hao hawapatikani ndani ya matope yenyewe, wanapatikana pembeni, pale maji mekundu yanapokutana na maji ya samawati. Mpaka huo unaonekana kwa macho, kama mtu aliyepiga mstari.

Wazungu nao wana samaki wa namna hiyo, anaitwa samoni. Anaishi baharini, lakini anarudi kuzaa katika mto aliozaliwa. Mto ukiwa mdogo anangoja mdomoni. Mvua ikinyesha na maji yakipanda, anaingia. Wavuvi wa Scotland na Ireland wanajua kwamba mafuriko yakiwa makali ni kazi bure, na siku nzuri ni ile ambayo maji yameanza kushuka na kutakata. Ukisikia hayo utasema ni mzee wa Mutambala anazungumza! Tena kule Scotland kuvua samoni siku ya Jumapili kumekatazwa na sheria, na kila mto una miezi yake ya kufungwa. Matajiri wale, wenye mashua za injini na vyakula vya makopo, bado wanampumzisha samaki wa mto. Sisi maskini tungefanya nini?

4. Wapi

Wazee tuliowauliza wanataja mahali pa namna nne.

*Ukingo wa matope.* Ni pale ziwani tulipotaja, kwenye mstari kati ya maji mekundu na meupe. Mtumbwi unakaa upande wa maji meupe na ndoano au wavu unaelekezwa kwenye mstari. Mstari huo hautulii: upepo wa asubuhi na wa jioni unausogeza, kwa hiyo mvuvi anausogelea pole pole na kafi, bila kupiga kelele.

*Nyuma ya kichanga.* Mto unapoingia ziwani unaacha mchanga, na nyuma ya mchanga kunakuwa na maji yaliyotulia. Samaki aliyechoka na mkondo anapumzika hapo. Lakini hapo hapo viboko na mamba nao wanapapenda. Hakuna kuingia kwa miguu wakati maji hayaonyeshi chini.

*Nyasi zilizozama.* Kando za mto, kwenye bonde, maji yakimwagika. Hapa ni nyumba ya kambale. Mgono unawekwa kwenye vijia vidogo ambamo maji yanaingia na kutoka, si katikati ya nyasi.

*Mawe ya juu.* Mto ukiwa unakimbia kwenye mawe, samaki anayepanda anatafuta njia ya pembeni yenye nguvu ndogo. Njia hiyo mzee anaijua kama anavyojua mlango wa nyumba yake, na mgono wake unakaa hapo mwaka hata mwaka.

Jambo moja la kukumbuka: mahali pa mgono palikuwa na mwenyewe. Mtu hakuamka tu akatega mbele ya mgono wa mwenzake. Watu wa kijiji walijua hapa ni pa ukoo fulani, na pale ni pa wengine. Mgeni aliomba. Hiyo ilikuwa namna ya kuzuia ugomvi, lakini ilikuwa pia namna ya kuchunga samaki. Kwani mtu anayejua kwamba mwakani na mwaka wa kesho kutwa mahali hapa ni pake na pa watoto wake, hawezi kupamaliza kwa siku moja.

5. Lini

Hapa njo roho ya makala yetu. Wapi bila lini ni nusu ya elimu. Tunazigawa siku baada ya mvua kubwa namna hii.

*Siku ya kwanza* ni siku ya mto, si ya mtu. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, magogo yanapita, kingo zinaanguka. Nyavu zitapasuka na mtu atakufa. Hili si neno la kutisha watoto. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mvua kubwa ilinyesha katika sekta ya Ngandja, na mto Kasaba ukafurika juu ya kijiji cha Kasaba kando ya ziwa. Watu zaidi ya 60 walikufa, wengi wao watoto na wazee, nyumba zikaenda na maji. Mwenye kukaa karibu na mdomo wa mto asihesabu samaki usiku wa mvua, ahesabu watoto wake na kupanda juu.

*Siku ya pili* ni siku ya kutazama. Wazee walisimika kijiti ukingoni, kwenye mwisho wa maji. Kama maji yanakipita kijiti, mto bado unakuja. Kama kijiti kimebaki kwenye matope makavu, mto umegeuka. Kifaa hicho hakina bei, na hakuna anayekipata dukani.

*Siku ya tatu na ya nne*, kwa kawaida, rangi inaanza kubadilika kuwa kama chai isiyo na maziwa: bado imekolea, lakini ukizamisha mkono unaona vidole. Sasa ndipo pa kutega. Kama samaki bado wanapanda, mdomo wa mgono unaelekea ziwani, upate kuwapokea. Kama maji yanarudi na samaki wanashuka nayo, mgono unageuzwa, mdomo unaelekea mlimani. Kijana asiyejua kugeuza mgono atasema mto hauna samaki, kumbe samaki wanampita mgongoni.

Muda wa siku nao una maana. Kambale anatembea usiku, kwa hiyo mgono unawekwa jioni na kutolewa alfajiri. Ukingo wa matope unavuliwa asubuhi mapema, kabla upepo haujachafua ziwa. Na radi ikianza kupiga mlimani, mtumbwi unarudi, hata kama wavu umejaa. Methali inayosema haraka haraka haina baraka, siye wa Baraka tunaichezea kila siku, lakini katika mambo ya mto ni kweli tupu.

Halafu kuna lini nyingine, iliyo kubwa zaidi ya siku nne hizi, nayo ni lini ya mwaka. Mvua za kwanza, zile za Oktoba na Novemba, zinaamsha samaki waliojaa mayai. Ukikamata kambale jike usiku huo, tumbo lake limevimba kama mtungi. Wazee walitufundisha kuacha furiko la kwanza lipite. Kula furiko la kwanza ni kula mbegu iliyo shambani: mtu anaweza kufanya hivyo kwa njaa, lakini asishangae baadaye. Na hata kwenye mafuriko yaliyofuata, uzio wa miti uliosimikwa kukusanya samaki uliachwa na uwazi upande mmoja. Uzio unaoziba mto wote ulikuwa ni aibu. Hivyo hivyo na buba, ule mmea ambao majani yake yakipondwa na kutiwa majini yanalevya samaki wakubwa kwa wadogo. Buba kwenye dimbwi linalokauka ni jambo moja. Buba kwenye mto wenye mayai ni jambo lingine, na aliyefanya hivyo hakupewa heshima kijijini.

6. Taa, nyavu mpya na ziwa kubwa

Historia ya uvuvi wetu haikusimama. Zamani, katika ziwa, ndakala walivuliwa kwa lusenga, wavu wa kuchota wenye mpini mrefu, na mbele ya mtumbwi kuliwaka moto wa kuni. Kisha zikaja taa za mafuta, karabai. Katika miaka ya 1950 Wagiriki walileta meli na nyavu kubwa za kuzungusha, na wakati huo huo zikaanza mashua mbili zilizofungwa pamoja, katamarani, zenye wavu wa kunyanyua. Nyavu za nailoni zikachukua nafasi ya zile za kamba za miti. Uvuvi mkubwa ukahamia ziwani, usiku, mbali na mito. Mgono ukawa kitu cha wazee na watoto.

Mabadiliko hayo yalileta chakula kingi, hatukatai. Ndakala waliokaushwa kwenye mchanga wa Baraka wanaliwa mbali sana, na wamama wachuuzi wamesomesha vizazi kwa hao. Lakini yalileta pia fikira kwamba elimu ya mto imepitwa na wakati. Wakati ule ule wavu wa nailoni, ulio mwepesi na usioonekana, uliweza kutandikwa kutoka ukingo hadi ukingo mbele ya mdomo wa mto.

Kwa jirani zetu tuna mfano wa kutosha. Katika ziwa Victoria kulikuwa na samaki anayeitwa ningu. Kila mvua alipanda mito kuzaa, na watu wa Kenya, Uganda na Tanzania walimvua kwa wingi. Nyavu za nailoni zikatandikwa kwenye midomo ya mito, zikawapokea majike kabla hawajapanda. Kufikia miaka ya 1960 ningu walikuwa wamepungua vibaya sana, na wataalamu wa uvuvi walionyesha sababu kuwa hiyo hiyo. Katika ziwa Nyasa kuna mbasa, ambaye Wazungu walimfananisha na samoni kwa sababu ya kupanda mito. Naye leo ni samaki aliye hatarini. Mito ile haikuwa midogo kuliko ya kwetu.

7. Vita na kamba iliyokatika

Sasa tuseme lile ambalo kila familia ya Fizi inalijua. Elimu ya mgono haiko kwenye kitabu. Inafundishwa kwa kwenda: mtoto anabeba kikapu, mzee anaonyesha jiwe. Ili iendelee, wawili hao wanahitaji kukaa karibu na mto uleule miaka mingi. Siye hatukupewa miaka hiyo.

Mwaka 1964 na 1965 mwambao wetu ulikuwa uwanja wa vita vya Simba. Che Guevara mwenyewe alitua pwani ya Fizi Aprili 1965 na kuondoka Novemba. Baraka ilipiganiwa na askari wa kukodiwa katika Septemba na Oktoba mwaka huo. Watu walikimbilia milimani na misituni. Halafu ikaja 1996, na tena 1998, na safari hii makumi ya maelfu walivuka ziwa kwa mitumbwi hadi Kigoma. Walipelekwa Nyarugusu na Lugufu, kambi zilizo mbali na maji makubwa. Kule watoto wetu walijifunza kupanga foleni ya unga na maharage. Walisoma, na wengine walisoma vizuri sana. Lakini hakuna aliyeonyeshwa jiwe.

Kuanzia Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka. Ilikuwa furaha. Lakini tulipohesabu tuliona kwamba kijana aliyeondoka na miaka mitano alirudi na miaka kumi na minne au zaidi, na mzee aliyekuwa na mgono alikuwa amezikwa Tanzania. Kijana huyo ana njaa, ana familia, na mto uko mbele yake. Atatega wapi? Atatega popote. Lini? Siku yoyote. Kwa kifaa gani? Chochote, hata chandarua cha mbu kilichoshonwa kuwa wavu, ambacho kinabeba vifaranga wote. Hatumlaumu. Mtu hawezi kufuata desturi ambayo hakuna aliyemwachia.

Ziwa nalo limebadilika. Wataalamu waliopima joto lake walieleza mwaka 2003 kwamba maji ya juu yanazidi kupata joto, na hiyo inazuia rutuba ya chini isipande, kwa hiyo chakula cha samaki kinapungua. Milima imevuliwa nguo, miti imekuwa makala na mashamba, na udongo unaoshuka unafunika mawe na mchanga ambapo samaki wanataga. Kisha maji yakapanda: katika mwaka 2021, na zaidi katika mwaka 2024, ziwa liliingia ndani ya nyumba huko Uvira, Baraka na Kalemie, na kufikia kimo ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960. Mahali pengine pa kutega pamezama. Kwa hiyo hata mzee aliyebaki analazimika kutafuta jiwe lake upya. Ndiyo maana hatusemi kijana akariri mahali. Tunasema ajifunze dalili.

8. Sheria ya kiangazi na desturi ya mvua

Nchi nne za ziwa zilitia sahihi mkataba wa pamoja mwaka 2003, Dar es Salaam, na mamlaka yao ya ziwa ina makao yake Bujumbura. Mwishoni mwa 2021 walikubaliana kuhusu kanuni za pamoja za uvuvi, na kutokana nazo ukaja utaratibu wa kufunga ziwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa hivyo. Wavuvi wetu walilalamika, na haki walikuwa nayo: miezi mitatu bila samaki ni miezi mitatu bila franka, na mtu aliyetoka ukimbizini hana akiba. Lakini maana ya sheria tunaielewa. Samaki wanahitaji pumziko.

Hata hivyo tazama tarehe hizo tena. Mei hadi Agosti ni kiangazi. Kambale na barbo wetu hawazai kiangazi. Wanazaa mvua ikinyesha, Oktoba, Novemba, Desemba, Machi, Aprili, wakati ziwa liko wazi na mtu yuko huru kutandika wavu mbele ya mto. Sheria hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya samaki wa ziwa, na ni sawa. Kwa samaki wa mto haijafika. Aliyefika huko ni mzee wa kwetu aliyesema: acha furiko la kwanza, acha uwazi kwenye uzio, usiweke buba penye mayai.

Kwa hiyo desturi hii si kitu cha makumbusho. Ni nusu ya pili ya sheria, iliyoandikwa na watu wasiojua kuandika. Tunaomba kamati za wavuvi za vijiji vyetu, pamoja na wakuu wa sekta, waichukue kama ilivyo na kuitangaza kila mwaka mvua zinapokaribia: siku za furiko la kwanza mdomo wa mto ufungwe, kisha ufunguliwe. Si miezi mitatu, ni siku chache. Hakuna familia itakayokufa kwa hizo.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba baada ya mvua kubwa samaki wa ziwa wanakimbia matope na samaki wa mto wanayafuata. Kwamba siku ya kwanza ni ya hatari, ya pili ni ya kijiti, ya tatu na ya nne ni za mgono. Na kwamba furiko la kwanza la mwaka ni la mayai. Tumeona pia namna vita ilivyowatenga mzee na mtoto.

Wazee waliobaki wanaojua mambo haya si wengi, na wengine hawatembei tena mpaka mtoni. Tunawaomba vijana, hasa nyinyi mliozaliwa Nyarugusu na Lugufu, msingoje wazee hao waitwe kwenye mkutano. Nendeni kwao sasa, kabla ya Oktoba. Mbebeni mzee kwa pikipiki kama ni lazima, mkae naye juu ya ukingo, mumwulize kijiti kinasimikwa wapi na mgono unageuzwa lini. Ulizeni pia majina ya samaki kwa Kibembe, kwani yanaanza kusahaulika. Mkirudi, waonyesheni wadogo zenu.